Kofia ya Golini na Jogoo Mwekundu

Temeke, Jumapili, 5 Machi 1950

Daftari hili lilikuwa la kuhesabia mbao. Mvua iliingia stoo ikalowesha kurasa za mwanzo, likatupwa, nami nikaliokota. Kurasa zilizobaki zinatosha masika haya. Naandika kwa sababu moja. Nikifungwa goli, Temeke nzima inajua kabla sijafika nyumbani. Hata mwanamke anayeuza mihogo huniambia lilipopitia. Mpira niliodaka hauna wa kuusimulia. Basi nitausimulia mie.

Naitwa Mihayo, kwetu Sikonge, kusini ya Tabora. Nilisoma mpaka darasa la tatu. Nina miaka thelathini na mitatu, labda na minne. Nilikata mkonge Ngerengere miaka sita na huko ndiko jina langu lilikoanzia. Mwaka juzi timu ya yadi moja ya mbao na vigae ya hapa Chang'ombe ilikuja kucheza kule. Walipiga mashuti mpaka wakachoka, na walipoondoka waliniondoa na mie. Kwenye kitabu cha kampuni mie ni kuli, lakini kila mtu anajua nimeajiriwa golini. Makuli wengine wanabeba magogo bandarini. Mie napokea vigae vya paa vinavyorushwa kutoka juu ya lori, na ikifika saa nane naruhusiwa kwenda mazoezini. Siku nitakayotoka golini nitarudi kwenye magogo, na mgongo wangu hauna tena mwaka mmoja wa magogo ndani yake.

Jana tuliwafunga Keko mbili bila. Nilidaka tisa. Mmoja niliugusa kwa kidole kibovu, cha shahada, mkono wa kulia, kilichovunjika Ngerengere na kuungwa kombo.

Alhamisi, 9 Machi

Mvua. Vigae elfu mbili, hakikuvunjika hata kimoja.

Jumatatu, 13 Machi

Karani Didas alikuja leo mpaka kwenye lori. Ni Mhaya wa Bukoba, karani wa yadi na katibu wa timu, suruali nyeupe hata siku za tope, kalamu mbili mfukoni. Alisubiri vigae viishe ndipo akasema.

"Mihayo, anakuja golikipa mwingine kutoka Moshi. Anaitwa Wilbert."

"Kuna malango mangapi uwanjani?"

"Ndiyo maana nimekuja kukuambia. Bwana Mkubwa amesema kampuni haitalisha magolikipa wawili. Atakayesimama golini siku ya fainali ya Kombe la Masika ndiye atakayebaki. Mwingine aende magogoni."

"Mwambie huyo wa Moshi aje na kitambaa kizito cha kuweka begani," nikasema. "Magogo huchubua."

Makuli wakacheka. Didas hakucheka. Si mtu mbaya, ila anaamini kila jambo lina risiti mahali fulani, hata kama bado hajaiona.

Jumapili, 19 Machi

Jana sare na Mtoni, moja kwa moja. Nilidaka kumi na moja, nikafungwa moja na Kondo. Lazima nimweleze Kondo.

Ni senta fowadi wa Mtoni. Kazi yake kukwea minazi, na miguu yake imefungwa kamba za misuli kama mnazi wenyewe. Ni Mzaramo, mie Mnyamwezi, na Wazaramo na Wanyamwezi ni watani tangu misafara ya mababu. Mtani anaweza kukutukana mbele ya wakwe zako, akabeba kitu chako nyumbani ukakikomboa, akakucheka hata msibani. Ukikasirika, mwenye kosa ni wewe. Na mtani huyo huyo ndiye atakayekuzika ukifa ugenini.

Dakika zote tisini alikuwa akinipigia kelele.

"Mnyamwezi! Babu yako alibeba pembe za ndovu, wewe unabeba magoli! Mzigo ni ule ule!"

"Na wewe uliyepanda mnazi asubuhi ukashuka jioni! Si nazi ulikuwa ukiangua, ulikuwa umelala juu!"

"Nitakupiga kushoto kwako! Umesikia? Kushoto!"

Na goli lile alilipiga kushoto kwangu kweli. Aliniambia, nami sikumwamini.

Jumanne, 28 Machi

Wilbert amefika. Mrefu, mabega kama kabati. Nilimtazama mazoezini akidaka: anausubiri mpira kama mtu anayesubiri kupigwa kofi. Mpira wa ngozi ukilowa unakuwa jiwe. Ukiusubiri utakutoboa. Lazima uupokee kama kigae, mikono irudi nyuma pamoja nao, ndipo utulie. Sikumwambia.

Jumamosi, 8 Aprili

Mvua siku nne. Mechi imeahirishwa. Shomari, kepteni wetu, amebeba magunia sita ya unga wa mbao toka kwenye msumeno tukaumwaga mbele ya lango la uwanja wetu, ubavuni mwa yadi, ili pasiwe bwawa. Lango letu sasa linanuka mninga. Napenda.

Jumapili, 16 Aprili

Mzee Kasanda amefariki. Alikuwa wa kwetu Sikonge, tuliishi naye nyumba moja kwa Bibi Somoe, vyumba vinavyotazamana. Homa siku tatu, basi. Hakuwa na mtoto hapa, wala ndugu, ila mie.

Nilidhani nitamzika na watu wanne. Bibi Somoe, Mzaramo mwenye nyumba, akanitazama nikiwa nimekaa kizingitini.

"We Mnyamwezi, unalia nini? Hamjui hata kufa vizuri. Mwanaume mzima anakufa siku ya kufua!"

"Shikamoo, Bibi," nikasema.

"Marahaba. Inuka, watani wako wanakuja."

Walikuja Wazaramo zaidi ya hamsini, toka Mtoni, toka Keko, toka hapa hapa Temeke. Walichimba, walichota maji, wanawake walipika. Na vituko walivifanya. Kondo aliingia chumbani kwangu bila hodi, akatoka amevaa kofia yangu ya golini, ile ya bluu yenye ukingo wa mbele, niliyopewa Ngerengere siku tulipowafunga watu wa reli. Sijawahi kusimama golini bila kofia ile. Tulipofika makaburini akaruka ndani ya kaburi, akalala chali, akavuta kofia ikafunika macho.

"Sitoki!" akasema kutoka chini. "Nimeona pazuri. Mzee Kasanda atafute pengine."

"Toka, mtani," nikasema.

"Nitoe kwa jogoo."

"Nitakupa jogoo."

"Mwekundu. Mweupe simtaki, mweupe ni wa wagonjwa. Mwekundu kama udongo huu."

"Nitakupa mwekundu."

Akatoka, akashika kichwa cha jeneza yeye mwenyewe, akamlaza mzee kwa upole kama anayelaza mtoto. Kofia hakurudisha. Nilicheka makaburini, nikarudi nyumbani nikalia, na nikaona ni sawa. Watu hawa wananitukana kila siku, na leo wamenizikia mtu wangu.

Jumapili, 23 Aprili

Nusu fainali jana. Mbili kwa moja, tumeshinda. Nilicheza bila kofia, maji yakinitiririka machoni. Nilidaka saba. Lile goli moja ningeliona mapema kama ningekuwa na kofia. Fainali ni tarehe sita Mei, uwanja wa Ilala, na mwenzetu ni Mtoni.

Didas aliniuliza, "Kofia yako iko wapi?"

"Iko kwa Kondo."

"Kondo yupi? Wa Mtoni? Anafanya nini na kofia yako?"

"Ameiteka."

Alitoa kalamu kama anayetaka kuandika, akairudisha.

Jumamosi, 29 Aprili

Jogoo mwekundu hapatikani. Sokoni Temeke wapo weupe na wa madoadoa. Mtu mmoja alitaka kuniuzia wa kahawia. Kondo angenicheka mpaka Idi.

Jumatano, 3 Mei

Nimempata. Kiwalani, kwa mama mmoja anayefuga nyuma ya nyumba. Mwekundu hasa, shingo inang'aa. Niliomba ruhusa baada ya vigae, nikambeba kwapani toka Kiwalani mpaka Mtoni, mvua ikinifuata njia nzima, jogoo akiwika kila nikikutana na watu. Kondo alikuwa barazani kwake.

"Mpagazi amefika! Na mzigo umepungua siku hizi. Zamani pembe, sasa kuku."

"Lete kofia yangu, mvivu wewe."

Akamshika jogoo, akampima kwa mkono, akanirudishia kofia na nazi nne juu yake. Imefuliwa. Mkewe ameshona na ukingo uliokuwa umefumuka.

"Jumamosi," akasema, "nitakupiga kushoto."

"Piga popote."

Wakati nageuka nilimwona Didas barabarani, ameshika baiskeli, suruali imerukiwa na tope mpaka magotini. Nilimpungia mkono. Hakunipungia.

Alhamisi, 4 Mei

Leo hasira hainiachi niandike vizuri, lakini lazima niandike.

Saa mbili asubuhi Didas alikusanya timu yote ndani ya stoo. Wilbert alikuwepo, na Shomari, na wengine, na vumbi la mbao likielea.

"Jana," Didas akasema, "siku tatu kabla ya fainali, Mihayo alikwenda nyumbani kwa Kondo wa Mtoni. Nimeona kwa macho yangu. Amempa jogoo. Amepokea mzigo."

"Jogoo gani?" mtu mmoja akauliza.

"Mwekundu."

 Nilitazama nyuso za watu wa bara, nikaona kila mmoja anahesabu peke yake. Jogoo mwekundu. Nyumba ya adui. Siku tatu. Wengine waliwaza mganga wa Mtoni akimchinja lango letu lifunguke. Didas ni mtu wa kanisa, hakuwaza mganga. Aliwaza biashara.

Shomari aliangua kicheko. "Didas, baba, huo ni utani! Mimi mwenyewe Mzaramo, nilikuwepo kwenye maziko. Kondo alilala kaburini, huyu akamkomboa kwa jogoo. Ni ada tu."

"Wewe ni Mzaramo, Kondo ni Mzaramo," Didas akasema. "Mnaeleza kwa mdomo mmoja. Kwetu Bukoba mtu akinyang'anywa kofia anakwenda kushitaki barazani, hapeleki kuku."

"Ulimtembelea mzee wangu hata siku moja alipokuwa anaumwa?" nikamuuliza. "Ungekuja maziko ungeona."

"Sikualikwa."

"Maziko hayana mwaliko!"

Nilipaza sauti, na kupaza sauti kuliniharibia. Didas alisema Jumamosi golini atasimama Wilbert. Bwana Mkubwa amekubali. Maana yake wote tuliielewa: atakayesimama golini siku ya fainali ndiye atakayebaki.

Wilbert alikuja baadaye kwenye lori. Nilifikiri anakuja kunicheka.

"Kaka," akasema, "mie sikuomba hivi."

"Najua."

"Mpira ukilowa unaniumiza vidole. Wewe unafanyaje?"

 Kisha nikamrushia kigae. Alikisubiri, kikampiga kidole. Nikamrushia kingine, nikamwambia arudi nacho. Cha tano akakipokea bila sauti.

Ijumaa, 5 Mei

Beki wetu wa kushoto ana homa. Shomari amemwambia Didas kwamba bila mie hatutimii kumi na mmoja, na kwamba yeye kepteni hachezi na kumi. Didas amekubali niwe beki. Amesema, "Akiwa beki nitamwona."

Bibi Somoe amesikia. Amenipikia wali wa nazi, zile nne za Kondo.

"Kula," akasema. "Unaogopa?"

"Siogopi, Bibi. Nimeudhika."

"Vizuri. Mwoga huteleza. Aliyeudhika husimama."

Kofia nitaifunga kiunoni, chini ya jezi.

Jumapili, 7 Mei

Nitaandika yote, polepole.

Uwanja wa Ilala jana ulijaa mpaka watu wakapanda ukuta. Mvua ilikatika saa tisa lakini tope lilikuwa limeshakaa. Tulibeba unga wa mbao, refa akatukataza kumwaga, akasema Mtoni hawana yadi. Haki yake.

Kucheza beki ni kama kuishi nyumbani kwako ukiwa mgeni. Naona lango nyuma yangu na ndani yake yupo mtu mwingine. Kila mpira uliopita mikono yangu ilitaka kwenda yenyewe. Kondo alianza mapema.

"Wamekufukuza nyumbani, Mnyamwezi? Wamekuweka uani na mbuzi?"

"Nimetoka nje nikukamate vizuri."

"Leo nani atalibeba goli langu? Huyu mrefu? Huyu hata mzigo wa kuni hajawahi!"

Lakini Wilbert alidaka. Lazima niandike: alidaka vizuri. Shuti la kwanza la Kondo lilikuwa jiwe, akarudi nalo kama kigae, likatulia kifuani. Akanitazama. Nikamwonyesha dole gumba. Kabla ya mapumziko Shomari akafunga kwa kichwa. Moja bila.

Kipindi cha pili, kama robo saa, Kondo na Wilbert waliufuata mpira mmoja. Wilbert aliruka miguuni pake na akaupata, lakini alidondokea bega, nikausikia mfupa. Hakuuachia mpira. Tulimwinua, mkono unaning'inia, uso umekuwa kijivu. Kondo mwenyewe alimshika upande mmoja kumtoa nje, wala hakusema neno la kuchekesha, maana Wilbert si mtani wake.

Refa akaja. "Nani anaingia golini?"

Tulibaki kumi. Shomari hakumtazama Didas pembeni. Alimvua Wilbert jezi taratibu asimwumize, akanitupia. Nikasikia Didas anaita, "Shomari! Shomari!" Nikatoa kofia kiunoni, nikaivaa. Ukingo ulioshonwa na mke wa Kondo ulikaa juu ya macho kama haujawahi kuondoka.

Kuanzia hapo nilidaka sita. Mmoja chini, mkono wa kushoto. Mmoja wa kona, katikati ya vichwa vinne. Sikuwa nafikiri juu ya Bwana Mkubwa wala magogo. Ni kazi yangu, na naijua.

Zilipobaki dakika chache, mpira ulimpiga beki wetu mkononi ndani ya kumi na nane. Refa akaonyesha pale. Penalti.

Niliuona uwanja mzima unaelewa kwa pamoja. Akifunga, nimeuza mechi, na jogoo ni ushahidi. Watu wa kwetu wenyewe walikuwa wameshaanza kupiga kelele, "Jogoo! Jogoo!" Kondo aliuweka mpira, akaufuta tope kwa kiganja.

Nilimsubiri aseme. Tangu mwezi wa tatu ananiambia kushoto. Uwanjani, barazani kwake, kushoto, kushoto. Nilisimama na kumtazama chini ya ukingo wa kofia.

"Sema basi, mtani," nikamwambia.

Hakusema. Alirudi nyuma hatua nne, midomo imefungwa, uso kama mtu aliye juu ya mnazi wenye upepo. Hapo nikajua. Mtani anayekutukana anacheza nawe. Mtani aliyenyamaza yuko kazini. Utani aliuacha nje ya mstari, na kushoto kulikuwa kwenye utani. Alijua kidole changu kibovu ni cha kulia. Mtu yeyote anayefanya kazi yake sawasawa angepiga kulia.

Nikaenda kulia kabla mguu wake haujagusa mpira.

Ulikuja chini kidogo ya kiuno, mzito kwa maji. Kiganja hakikufika. Kidole cha shahada kilifika. Nilikisikia kikirudi nyuma pale pale palipovunjika zamani, na mpira ukabadili njia, ukagonga mlingoti, ukarudi nikaulalia. Nikaukumbatia nikiwa na tope mdomoni.

Filimbi ilipolia Kondo alikuwa amekaa chini mahali pale pale. Nilimwendea.

"Mpagazi mshenzi," akasema. "Mzigo umeuangusha."

"Nimeuangusha."

Tukacheka wote wawili, meno yana tope. Waliotuona tukicheka hawakucheka.

Jumatatu, 8 Mei

Kidole kimefungwa. Vigae leo nimepokea kwa mkono mmoja na kwapa. Kimoja kimevunjika.

Didas alinijia mikono miwili imenyooshwa, uso unang'aa.

"Mihayo! Mbona hukuniambia? Kumbe wewe ndiye uliyemnunua Kondo! Kwa jogoo mmoja! Nimemweleza Bwana Mkubwa, amecheka sana. Amesema una akili. Golini ni wewe, imekwisha."

Nilimtazama. Alikuwa anafurahi kweli kweli. Kazi nimeipata, mgongo wangu umepona magogo, na ningekaa kimya ingekuwa yangu mpaka nizeeke. Lakini ile ndiyo penalti bora niliyoidaka maisha yangu, na ameniambia nimeinunua sokoni Kiwalani. Kuitwa mwizi kuliniuma kidogo. Huku kusifiwa kumeniuma zaidi.

"Nilidaka," nikasema.

"Ndiyo, ndiyo, ulidaka," akasema, na akanikonyeza.

Alhamisi, 11 Mei

Maneno ya Didas yamefika Mtoni. Kondo alikuja jioni kwa Bibi Somoe, akapiga hodi, akasubiri mlangoni. Kondo, kupiga hodi kwangu! Hapo nilijua mambo ni mabaya.

"Leo sikuja na utani," akasema. "Watu wazima wa Mtoni wananicheka na kunitetea, wanajua utani. Lakini wale wa kuja, wa kiwandani, wanasema nimekula jogoo nikauza kombe. Wanataka kunitoa timuni. Mimi! Nilipiga kwa nguvu zangu zote, Mihayo."

"Najua. Kidole changu kinajua."

Bibi Somoe alikuwa anachambua mchele, hakuinua macho. "Anayesema mzigo ni mwepesi," akasema, "mtwisheni."

Tukatazamana.

Jumapili, 14 Mei

Jana baada ya kazi Kondo alikuja yadini mchana kweupe, peku, na nusu ya Mtoni nyuma yake. Shomari alileta mpira aliokuwa ameuloweka kwenye pipa tangu asubuhi. Bwana Mkubwa alitoka ofisini na kikombe chake cha chai, akasimama mlangoni kutazama. Nilimwendea Didas.

"Karani, mpira ule wewe unasema ulinunuliwa kwa jogoo. Simama golini. Nitakushikia kalamu zako."

"Mimi?"

"Ukiogopa sema," Shomari akasema. "Tutaandika."

Ninampa sifa yake: alikwenda. Alivua koti, akakunja suruali nyeupe, akasimama kwenye unga wa mbao katikati ya lango. Kondo akapiga la kwanza. Didas alijifunika uso na mpira ulikuwa umeshatikisa nyavu. La pili aliinua mikono, likapita katikati yake. La tatu aliamua kulipata. Alilipata. Lilimpiga viganja, likamchukua pamoja nalo, akakalia tope na vidole vyote kumi mbele ya macho yake kama mtu anayevihesabu.

 Kisha Mtoni yote ikacheka, na yadi ikafuata, na Wilbert, mkono kwenye kitambaa cha shingoni, akalia kwa kucheka na maumivu.

Didas aliniita. "Ni kidole kipi?"

Nikamwonyesha, kilivyovimba.

"Hicho kimoja?"

"Hicho."

Akainuka. Alikwenda mpaka mlangoni kwa Bwana Mkubwa na tope lake lote, akasema kwa sauti ya kusikika na Mtoni, "Bwana, nilikosea. Hakuna aliyenunuliwa. Huyu alipiga, na huyu alidaka." Bwana Mkubwa akasema vizuri, akaingia ndani na chai yake. Watu wa kiwandani wa Mtoni wakamshika Kondo mabegani.

Kisha wakataka tupigiane. Nikaingia golini na kidole changu kwenye kitambaa. Kondo alipiga matano, akitukana kila moja. Nilidaka mawili, alinifunga matatu. Naandika matatu kwa sababu daftari hili halijaanza kusema uongo.

Nilipoinama kuokota mpira wa mwisho alipita nyuma yangu. Nikasikia upepo kichwani. Nilipogeuka yuko kwenye geti la yadi, amevaa kofia yangu, ukingo umetazama nyuma.

"Mwekundu!" akapiga kelele. "Mweupe simtaki!"

Jumapili, 28 Mei

Mvua hazijanyesha siku tisa. Tope la mbele ya lango limekauka na alama za mikono yangu ndani yake. Wilbert anahesabu vigae stoo mpaka mfupa uungane. Didas ndiye aliyemwombea. Jioni namrushia kimoja kimoja, anapokea kwa mkono wa kushoto.

Jogoo nimempata, Kiwalani kwa mama yule yule. Mchana huu tunampeleka Mtoni. Didas ameomba tufuatane, na amesema atambeba yeye mwenyewe. Nimemwambia jogoo huchafua suruali nyeupe. Amesema anajua.